Filamu ya Kuazima na Filamu ya Kabatini: Je, Uhakiki Wawezekana Bila Nakala?

Utangulizi

Katika mikutano yetu ya walimu wa Kiswahili hapa Uganda, suala la filamu limezuka mara nyingi, na kila linapozuka huelekezwa upande mmoja tu: je, filamu yafaa kufundishwa darasani kama inavyofundishwa riwaya au tamthilia? Makala hii hairudii swali hilo, kwa kuwa mwandishi anaamini kwamba jibu lake limekwisha kupatikana. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua ya kukitekeleza. Hata hivyo, mwanafunzi wa Gulu au Mbarara bado hakisikii Kiswahili barazani na sokoni kama anavyokisikia mwenzake wa Tanga. Kwake yeye filamu si anasa. Ni mahali ambapo watu hukizungumza Kiswahili wakiwa na hasira, wakiwa na mapenzi, wakiwa na njaa. Kusudi letu, basi, ni kuuliza swali lililo nyuma ya lile la kwanza: filamu tunayoifundisha iko wapi, na imo mikononi mwa nani?

Swali hili lilinijia kwa njia ya aibu. Mwaka juzi nilikusudia kuwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tano filamu moja ya Kiswahili iliyokuwa ikipatikana katika mojawapo ya huduma za kutazama mtandaoni kwa ada ya mwezi. Nililipa ada kwa fedha zangu mwenyewe, nikaitazama filamu mara mbili usiku, nikatunga maswali kumi na mawili, kisha nikawatangazia wanafunzi siku ya somo. Siku ilipowadia niliazima projekta, nikafunga mapazia, nikaandika jina la filamu mahali pa kutafutia. Haikuwapo. Ilikuwa imeondolewa katikati ya juma, wala sikuwa nimeona taarifa yoyote. Nikabaki kusimulia kwa mdomo mambo niliyokuwa nimekusudia yaonekane kwa macho. Mwishoni msichana mmoja aliinua mkono akauliza kwa adabu: “Samahani, mwalimu, filamu hiyo ilikuwapo kweli?”

Nilicheka pamoja na darasa, lakini swali lile lilikuwa la kihakiki kuliko maswali yangu yote kumi na mawili. Maneno ya mwalimu yakitiliwa shaka katika somo la riwaya, mwalimu hufungua ukurasa. Mimi sikuwa na ukurasa wa kufungua. Miezi michache baadaye nilibishana na mwalimu mwenzangu kuhusu onyesho la mwisho la filamu ile ile. Mimi nilishikilia kwamba mama alifunga mlango kabla kijana wake hajafika barabarani. Yeye alishikilia kwamba mlango uliachwa wazi. Msomaji ataona kwamba hilo si jambo dogo, kwani maana ya kisa kizima yautegemea mlango ule. Hadi leo hatujapatana, wala hatuna pa kwenda kuamuliwa.

Tunanunua nini?

Hapana budi kutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuwa na nakala: diski au faili iliyomo katika kifaa changu, ambayo naweza kuichezesha leo au miaka kumi ijayo bila kuomba idhini ya mtu. La pili ni kile kinachoitwa kununua filamu mtandaoni: mnunuzi hulipa mara moja, lakini filamu hubaki katika kompyuta za muuzaji. La tatu ni kutiririsha kwa ada ya mwezi, ambako mtazamaji hulipia ruhusa ya kuingia ghalani na kutazama chochote kilichomo siku hiyo. Maneno “siku hiyo” ndiyo kiini cha mjadala wetu.

Historia ya Netflix yenyewe yaonyesha jinsi mabadiliko haya yalivyotokea. Kampuni hiyo ya Marekani ilianzishwa mwaka 1997, ikawa ikiwapelekea wateja wake diski kwa njia ya posta. Mwaka 2007 ilianza kutiririsha; Januari 2016 ikafungua milango yake katika nchi nyingi kwa mpigo, nyingi za Afrika zikiwamo; na Septemba 2023 ikapeleka diski yake ya mwisho. Katika muda wa robo karne, kitu kilichokuwa kikishikwa mkononi kimegeuka kuwa ruhusa. Zaidi ya hayo, ruhusa hiyo ina mipaka ya nchi na ya muda. Mwenye huduma hukodi filamu nyingi kutoka kwa wenye haki kwa mkataba wa miaka kadhaa na kwa maeneo yaliyotajwa. Mkataba ukiisha, filamu huondoka. Na yawezekana ikabaki nchi moja huku ikikosekana nchi ya jirani.

Msomaji aweza kusema: basi tuachane na ada ya mwezi, tununue kabisa. Lakini neno “kununua” nalo limepotoshwa. Desemba 2023 Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokuwa wamevinunua vingefutwa katika maktaba zao. Kelele zilikuwa nyingi, na mwezi ule ule kampuni ikaahirisha uamuzi wake. Lakini kuahirishwa kwa hukumu si kufutwa kwa sheria iliyoiruhusu. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 2009, Amazon ilifuta riwaya mbili za George Orwell kutoka katika vifaa vya wasomaji waliokuwa wamezilipia, mojawapo ikiwa ni ile ya 1984, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wasomaji walirudishiwa fedha. Hata hivyo, mtu aliyeingia nyumbani mwangu usiku akachukua kitabu changu na kuacha sarafu mezani hawezi kusemwa kwamba amenitendea haki.

Jimbo la California lilipoona hayo lilitunga sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo yamkataza muuzaji kutumia neno “nunua” kwa bidhaa kama hizi pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Ni ajabu kwamba ilibidi bunge likae ili kulinda maana ya kitenzi kimoja. Sisi walimu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulishangilia jambo hilo.

Matini isiyotulia

Uhakiki, kwa jinsi tulivyoujifunza na tunavyoufundisha, una sharti moja ambalo ni nadra kutajwa kwa sababu vitabu vimetuzoesha kulipata bure: matini itulie. Mhakiki husoma, hurudi, hulinganisha, husoma tena. Anaposema kwamba mhusika fulani ni bapa, msomaji wake huenda kwenye matini kumsahihisha. Hoja isiyoweza kukaguliwa na mwingine haiwi uhakiki. Huwa ni uvumi tu, hata ikipambwa kwa istilahi.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitolea filamu yenye jina hilo hilo, na Siti Amina, ambaye katika maisha yake ni mwimbaji wa taarabu, akaigiza kama Mwajuma. Mwalimu gani wa fasihi asiyetamani kuziweka kazi hizi mbili mbele ya darasa moja? Riwaya humweleza Yasmin kwa maneno ya msimulizi. Filamu haina budi kumweleza kwa uso, kwa mwanga, kwa rangi ya kuta za Mji Mkongwe na kwa muziki. Denge wa kitabuni hujulikana zaidi kwa hoja zake dhidi ya ukoloni. Wa filamuni hujulikana pia kwa namna anavyokaa kimya. Lakini kazi hiyo haifanyiki kwa kutazama mara moja. Mwalimu lazima asimamishe picha, arudi nyuma dakika mbili, azime sauti ili darasa litazame mikono, kisha aiwashe sauti na kuifunika picha ili darasa lisikilize lafudhi. Kitabu chakubali kufanyiwa hivyo bila kulalamika. Filamu nayo yakubali, ikiwa nakala imo chumbani.

Lipo jambo zito kuliko kutoweka, nalo ni kubadilika. Mfululizo wa 13 Reasons Why ulianza kuonyeshwa na Netflix mwaka 2017. Julai 2019 kampuni hiyo iliondoa onyesho la kujiua lililokuwa katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, kwa ushauri wa wataalamu wa afya. Sibishani na sababu yao. Huenda walifanya jambo la busara. Nasema tu kwamba mhakiki aliyeandika mwaka 2017 na mwanafunzi anayemsoma leo hawana tena matini moja, ijapokuwa jina ni lile lile. Katika vitabu tumezoea kuona maneno “toleo la pili lililosahihishwa”, nalo toleo la kwanza hubaki rafuni kwa anayetaka kulinganisha. Katika ghala la mtandaoni toleo jipya huweza kulimeza la kwanza.

Wala mtu asidhani kwamba kazi iliyotengenezwa na wenye ghala wenyewe i salama zaidi. Westworld ilitengenezwa na HBO, lakini Desemba 2022 iliondolewa katika HBO Max. Filamu ya Crater iliwekwa katika Disney+ Mei 2023 na kuondolewa baada ya wiki saba hivi. Tukumbuke kwamba waliotoweshewa kazi hizo ni watazamaji wa nchi tajiri, na kazi zenyewe ni za mamilioni ya dola. Ikiwa hesabu ya faida yaweza kuzizima hizo, nani atailinda filamu ya Kiswahili ambayo watazamaji wake hawahesabiki sana katika daftari la mwenye kampuni?

Hoja za upande wa pili

Ingekuwa si haki kuusema upande mmoja tu. Huduma za kutiririsha zimeleta mema. Filamu ya Binti (2021) ya Seko Shamte, inayohusu wanawake wa Dar es Salaam, ilipopokewa na Netflix iliweza kutazamwa na watu ambao wasingalifika kamwe katika ukumbi wa sinema wa Tanzania. Mtengenezaji hupata mkataba na malipo badala ya kuzunguka na katoni la diski. Kwa mtu wa mjini mwenye mtandao mzuri, ada ya mwezi ni rahisi kuliko kununua filamu mojamoja. Hayo ni kweli.

Ni kweli pia kwamba kuwa na nakala peke yake si kinga. Ushahidi mkubwa wa jambo hilo uko hapa hapa Kampala, mtaani Wakaliga. Mwaka 2010 Isaac Nabwana alitoa filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno, silaha zake zikiwa za vyuma chakavu na waigizaji wake wakiwa majirani. Filamu hiyo imetazamwa mara mamilioni duniani. Lakini filamu tunayoitazama sote si ile ya asili. Kompyuta ya Nabwana haikuwa na nafasi ya kutosha, na ili apate mahali pa kutengenezea kazi iliyofuata ilimbidi aifute. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie, mfasiri wa vibandani, anayepiga kelele, kuchekesha na kumshangilia shujaa juu ya mazungumzo ya wahusika. Yaani mwenye mali alikuwa na mali yake mkononi, na bado ikapotea. Na kilichookolewa kiliokolewa kwa sababu kilikuwa kimekwisha kutoka nyumbani kwake kikaenda kwa watu.

Kisa hiki chatupeleka kwenye vibanda vyenyewe. Katika kila kituo cha biashara hapa Uganda pana duka dogo lenye kompyuta, ambako mteja huja na flashi yake akawekewa filamu zilizofasiriwa na ma-VJ kwa Kiluganda. Kenya DJ Afro amejipatia jina kwa kazi ya namna hiyo kwa Kiswahili, na Tanzania marehemu Lufufu alimtangulia. Wasomi wengi huzidharau kazi hizi. Mimi naziona kuwa ni sanaa ya masimulizi, na siku moja uhakiki wake utaandikwa. Lakini ni lazima tuseme kweli: duka lile, pamoja na kwamba ndilo maktaba pekee ya filamu ambayo raia wa kawaida anaijua, halimlipi aliyetengeneza filamu. Mtu hawezi kudai kwamba anahifadhi sanaa huku akimuua msanii kwa njaa. Kwa hiyo nisemapo “nakala” katika makala hii, nasema nakala iliyopatikana kwa haki.

Mizani, basi, haiko baina ya mtiririsho mbaya na nakala njema. Iko baina ya kitu kilicho mikononi mwa mmoja na kitu kilicho mikononi mwa wengi. Kampuni moja ikiwa na ghala lote, uamuzi wa asubuhi moja huliondoa. Msanii mmoja akiwa na kompyuta moja, uhaba wa nafasi huiondoa. Tofauti ni kwamba wa kwanza huondoa kwa hesabu ya faida, na wa pili huondoa kwa machozi. Sisi tulio nje ya ghala na nje ya nyumba tumepoteza vile vile.

Mafunzo mawili ya zamani

Historia ya eneo letu ina mafunzo mawili juu ya jambo hili, na yanapingana kama usiku na mchana.

La kwanza ni la filamu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni wa Kiingereza waliendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, zikapitishwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko, maelezo yake yakichezwa kwa sahani za santuri katika lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Tusizisifu filamu zile. Zilimtazama Mwafrika kwa jicho la bwana anayemfunza mtoto. Hata hivyo, ndani yake zimo nyuso, mashamba na sauti za babu zetu. Leo ni chache mno zinazojulikana kuwa zimesalia, nazo zimo Uingereza. Anayetaka kuhakiki namna wazee wetu walivyochorwa hana budi kubisha hodi kwa mchoraji.

La pili ni la ushairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Hakuwa na kiwanda cha uchapaji, wala mashairi yake hayakuchapwa kuwa diwani hadi mwaka 1940. Katika miaka mia moja hiyo yalikaa wapi? Yalikaa vifuani mwa watu na katika karatasi zao. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika, na mmishonari W. E. Taylor akayachukua kutoka kwake. Hata kwenye karatasi hizo palikuwa na tofauti za neno hapa na neno pale, na wahakiki mpaka leo wanazijadili. Lakini wanajadili kitu kilichopo. Tungo za mtu asiye na mali zilivuka karne moja kwa sababu zilikuwa za kila aliyezipenda. Filamu za dola kubwa zilizotengenezwa kwa fedha na mitambo hazikuvuka karne, kwa sababu hazikuachwa kwa waliotazamishwa.

Tufanye nini?

Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatupendekezi kwamba kila mwalimu ajijengee ghala la siri nyumbani mwake. Twapendekeza mambo matatu ambayo chama chetu chaweza kuyaanza bila kungoja wizara.

Kwanza, pawe na maktaba ya filamu za Kiswahili ya chama, yenye nakala zilizonunuliwa au kuombwa kwa barua kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Wengi wao si makampuni makubwa. Ni watu wanaojibu barua, nao watafurahi kujua kwamba kazi zao zasomeshwa. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki ya mwaka 2006 ilitambua matumizi ya haki kwa ajili ya mafundisho, lakini ruhusa iliyoandikwa na mwenye kazi ni bora kuliko mabishano ya kisheria. Mkataba uwe mfupi na ueleze mambo manne: nakala ni ya kudumu, ni ya darasani, haiuzwi, na mwenye kazi amelipwa kiasi walichopatana.

Pili, nakala isiwe moja. Kila filamu ikae mahali pasipopungua patatu: makao ya chama, shule moja ya kaskazini na shule moja ya magharibi. Gharama yake si ya kutisha. Netflix yenyewe yaeleza kwamba saa moja ya picha safi yaweza kutumia hadi gigabaiti 3. Kwa hiyo kutiririsha filamu ya saa mbili kwa madarasa matatu kwaweza kula gigabaiti 18, na mwakani mwalimu atalipa upya. Kwa upande wa pili, diski ya terabaiti 1, kwa filamu za gigabaiti 3 kila moja, hubeba zaidi ya filamu mia tatu, na huchezeshwa hata mtandao ukikatika. Lakini diski nayo hufa. Ndiyo maana lazima mtu ateuliwe kuzikagua kila mwaka na kuzihamishia katika vifaa vipya kabla vya zamani havijachoka.

Tatu, pawe na daftari: jina la filamu, mtengenezaji, mwaka, urefu wake kwa dakika, toleo lipi, ilipatikana lini na kwa ruhusa gani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mwalimu anapoandika uhakiki katika jarida hili, ataje dakika ya onyesho kama tunavyotaja ukurasa wa riwaya, ili mwenzake aende akahakikishe.

Hitimisho

Huduma za kutiririsha ni kama dirisha la duka: tulipite, tutazame, tujue kilichomo mjini. Hatuwezi kuzifunga wala hatuna sababu ya kuzichukia. Lakini somo la fasihi haliwezi kujengwa juu ya dirisha ambalo mwenye duka hulifunika apendapo. Tumekubali kwamba filamu ni fasihi. Basi tuipe haki ambayo tumeipa fasihi nyingine zote, yaani rafu, daftari na mtu wa kuitunza.

Yule msichana aliyeuliza swali sasa amekwisha kumaliza masomo na kuondoka. Nimeandika barua mbili kumtafuta mtengenezaji wa filamu ile, na ya pili imejibiwa: nakala anayo, na yuko tayari kutupa. Itakapofika, nitamwalika kwanza mwalimu mwenzangu niliyebishana naye. Tutakwenda moja kwa moja kwenye onyesho la mwisho, tutazame mlango. Huenda nikashindwa. Nitafurahi hata hivyo, kwa sababu nitakuwa nimeshindwa kwa ushahidi.